Chungulia Chini ya Kitanda

Mapema 2021 Kenya ilipokea roboti tatu za kupambana na korona, msaada wa Japani kupitia UNDP. Zikaitwa Jasiri, Shujaa na Tumaini. Mimi nasomea uhandisi, na tangu nilipoziona kwenye runinga nimekuwa nikichora yangu daftarini: magurudumu manne, nguzo katikati, taa za UV-C kuizunguka. Inaingia wodini peke yake, inaua vijidudu, inatoka.

Kuua ndiyo sehemu rahisi. Mwanga wa nanomita 254 unavuruga DNA ya vijidudu visiweze kuzaana. Shida ni kwamba haubagui. Ukikupiga machoni kwa karibu, wakati ule huhisi kitu. Masaa baadaye ndio utadhani umemwagiwa mchanga. Kwa hivyo swali lote la ubunifu ni moja: roboti itajuaje kwamba chumbani hamna mtu?

Mchoro nilimwonyesha shangazi, anayesafisha wodi huku Msambweni mwaka wa 19 sasa. Aliutazama kitambo.

"Na chini ya kitanda, mwanangu, itachungulia?"

Manake wauguzaji wanalala pale, kwenye leso, kati ya kitanda na ukuta. Nauli ya kurudi Kinango ama Lunga Lunga kila siku ni pesa.

Nikamwambia ina kihisi cha joto la mwili. Halafu nikaenda kukisoma vizuri. Vile vya bei nafuu, kama vya taa za getini, vinanasa tofauti ya joto kati ya mtu na ukuta, tena mtu akisonga. Sasa fikiria Pwani mwezi wa Machi, madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Ukuta unakaribia joto la mtu. Na aliyelala hasongi. Kwa kihisi hicho, hayupo.

Kuna jambo jingine. Mwanga huu haupenyi shuka, haupindi kona, na uchafu unavikinga vijidudu. Lazima mtu apige deki kwanza.

"Kwa hivyo hainifuti kazi?" shangazi akauliza.

Ningesema la, lakini hilo ni jibu la mhandisi, na bajeti haiandikwi na wahandisi.

Nilichoweza ni kubadilisha mchoro. Ufunguo sasa ni mmoja: unafunga mlango kwa nje, na bila kuuzungusha pale taa haziwaki. Mlango ukifunguliwa, zinazima. Roboti ikizimika katikati ya kazi, ikiwaka tena haiendelei ilipoachia; inasubiri mtu aingie, ainame, aangalie, atoke, afunge. Ufunguo unakaa na msafishaji.

Kazi ya shangazi iko ndani ya mchoro, kwa wino. Atakayetaka kumwondoa itabidi aondoe kwanza kinga inayomlinda yule aliyelala kwenye leso.