Tulivyohamia Dodoma kwa Mshahara Mmoja

Akina mama wenzangu, mwanamke anapoambiwa kwamba mumewe amehamishwa kikazi, jambo la kwanza analolifikiri ni shule ya watoto, na la pili ni vyombo vitakavyovunjika njiani. Nami nilifikiri hayo hayo. Ningalijua, ningalianza na karai langu la maandazi.

Habari za Serikali kuhamia Dodoma zilikuwa za siku nyingi. Chama cha TANU kiliamua jambo hilo mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huo huo. Viwanja vikapimwa, Bunge likawa linakutana huko, lakini ofisi nyingi ziliendelea kubaki pwani. Watumishi waliajiriwa na kustaafu Dar es Salaam huku wakisikia kwamba watahama karibuni. Kwa hiyo Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba safari hii Serikali yote itakwenda, sisi nyumbani tulicheka kidogo. Mwishoni mwa Septemba Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia, na kicheko kikaisha. Mwanzoni mwa 2017 barua ya Baba watoto ikaja.

Tulikuwa tukiishi Kitunda, katika nyumba yetu wenyewe. Haikuwa imekwisha, haina dari, na jikoni sakafu ilikuwa ya udongo, lakini hakuna aliyekuja kugonga mlango kudai kodi. Mume wangu ni mtumishi wa ngazi ya kawaida tu wizarani. Mimi sikuajiriwa. Nilikuwa nikiamka saa kumi alfajiri, nakanda unga, nakaanga maandazi na chapati, na kufikia saa mbili asubuhi nimekwisha kuwapelekea mafundi wa gereji na mama mmoja mwenye duka karibu na shule. Kazi hiyo niliifanya miaka tisa. Watu waliponiuliza kazi yangu, nilijibu, "Niko nyumbani tu."

Tuliamua atangulie peke yake, mimi nibaki na watoto wanne mpaka tuone mambo yanakwendaje. Naona familia nyingi ziliamua hivyo, na kwa akili ya haraka ni uamuzi mzuri, kwa kuwa mtu mmoja hana gharama kubwa. Akapanga chumba kimoja Chang'ombe ya Dodoma. Basi hesabu ikawa hivi: kodi ya chumba, chakula cha kununua kwa mama lishe mara mbili kwa siku, nauli ya kuja nyumbani kila mwisho wa mwezi na kurudi, na kitanda, jiko na ndoo za kuanzia maisha, vitu ambavyo tayari tulikuwa navyo Kitunda. Mwaka huo huo wa 2017 makato ya mkopo wa elimu ya juu yakapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara, na Baba watoto alikuwa bado anadaiwa. Kufikia Septemba alikuwa haji tena kila mwezi. Mtoto wetu wa mwisho alianza kumwita "yule baba wa kwenye simu". Tulikubaliana kwamba shule zikifungwa Desemba tutahama wote.

Wakati ule safari ilikuwa ya basi kutoka Ubungo, na ilikula karibu siku nzima. Ukipita Morogoro na Dumila bado unaona migomba na mashamba ya kijani. Baada ya Gairo nchi inafunguka. Upepo unabadilika, mibuyu inasimama mmoja mmoja, mawe makubwa yamekaa juu ya vilima kama yamepangwa kwa mkono. Kibaigwa tuliona magunia ya mahindi yamerundikwa. Watoto walikaa kimya. Mimi nilitazama nje nikafurahi, kwa sababu mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha na nyasi zimechipua kila mahali. Sikujua kwamba nimefika katika miezi mizuri. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, nazo ni kidogo. Miezi inayobaki ni jua na vumbi, na Juni na Julai ni upepo wa baridi ambao hakuna mtu wa Kitunda mwenye blanketi la kuukabili.

Nyumba tulitafutiwa na dalali, ambaye kwa desturi huchukua kodi ya mwezi mmoja. Tulianzia Area D, tukaenda Ilazo, tukaenda Kisasa, na kila mahali jibu lilikuwa lile lile: mwaka mzima kwa mkupuo, na watu wapo wanaongoja. Majirani walituambia kwamba nyumba zile zile kabla ya 2016 zilipangishwa kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Sikuweza kuwalaumu sana wenye nyumba, maana mtu aliyejenga kwa jasho lake akiona wageni wenye posho wanapanga foleni, naye atapandisha. Lakini nilimwonea huruma mwalimu wa pale pale Dodoma, ambaye hakuhamishwa wala kupewa posho, ila kodi yake ilipanda pamoja na yetu.

Hatimaye tulipata vyumba vitatu Nkuhungu, Sh. 200,000/= kwa mwezi, malipo ya miezi sita. Mama mwenye nyumba alikuwa mtu mzima, nikamwamkia na kumwomba atupunguzie. "Mwanangu," akasema, "mimi nimepunguza kabla hujaja." Tukatoa Sh. 1,200,000/=, na ya dalali Sh. 200,000/=. Posho ya uhamisho iliishia hapo mlangoni. Nyumba ya Kitunda tulipata mpangaji wa Sh. 120,000/=, kwa hiyo Baba watoto akapiga hesabu kwamba tunaongeza Sh. 80,000/= tu kila mwezi, na kwa kuwa hakuna tena chumba cha Chang'ombe wala nauli, tumefaulu. Kwenye karatasi alikuwa sahihi kabisa.

Mwezi wa kwanza pesa zikaisha tarehe 17. Nilidhani ni kwa sababu ya kuhama. Mwezi wa pili zikaisha tarehe 14.

Nilitafuta wa kumlaumu. Nililaumu nazi, ambayo Dodoma inasafiri mbali kama sisi wenyewe na bei yake inaonyesha hivyo. Nililaumu maji. Maji ya mji hutoka zaidi katika visima vya Makutupora, na watu wakaongezeka kwa haraka kuliko visima. Kwetu yalitoka kwa zamu, na siku isiyo ya zamu tulinunua ya mkokoteni kwa dumu. Tena ni maji magumu. Sabuni haitoi povu, birika linafanya ukoko mweupe, na mche wa sabuni uliozoea kutumia wiki moja unakwisha siku nne. Haya yote ni kweli, lakini hayakutosha kueleza zile pesa zilikokwenda.

Machi 2018 nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Elimu ya shule za serikali ni bila ada tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari na michango ya uji havikosekani, na watoto wanne walikuwa wamebadilisha shule kwa mara moja. Nikajiunga na kikoba cha akina mama wa mtaani, nikakopa Sh. 300,000/=, nirudishe Sh. 330,000/= kwa miezi mitatu. Sikumwambia Baba watoto. Nilijiambia kwamba namwondolea mawazo. Ukweli ni kwamba niliona haya, kwa sababu Dar nilijulikana kuwa mwanamke anayejua kutunza fedha, na sasa nilikuwa nashindwa na jiko.

Juni ikapita sijamaliza. Jumapili moja jioni, tumetoka kanisani, wakaja wanawake wawili wa kikoba. Walikaa kwa heshima, wakanywa chai, wakasema shida yao mbele ya mume wangu. Walipoondoka hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mama watoto, tangu lini?" Afadhali angalipandisha sauti.

Usiku ule tulichukua daftari la hesabu la mtoto, tukaandika kila kitu. Akaandika mshahara na makato. Akaandika kodi, maji, umeme, mkaa, nauli. Kisha akauliza, "Dar tulikuwa tunakula nini, kwa pesa gani?" Nikakaa kimya, nikahesabu kwa vidole. Kila siku, baada ya kutoa unga, mafuta, sukari na mkaa, nilikuwa nabaki na kama Sh. 12,000/=. Ndizo zilizonunua mboga, mchele, sabuni, kalamu, dawa ya kikohozi. Siku 26 kwa mwezi. Akazidisha, akaandika Sh. 312,000/=, akaitazama muda mrefu.

Miaka tisa fedha hiyo haikuwahi kuandikwa mahali popote. Haikupita benki, haikupita mikononi mwake, na mimi mwenyewe sikuiita mshahara. Barua ya uhamisho haikuitaja. Posho huhesabiwa kwa mshahara wa aliyehamishwa, na wateja wa mkewe hawamo. Sisi tulifikiri tunahamisha familia yenye kipato kimoja kutoka mji ghali kwenda mji wa bei nafuu. Kumbe tulihamisha yenye vipato viwili na kimoja tukakiacha gereji.

Deni la kikoba tulilimaliza Agosti, kwa kuuza friji. Hatukuwa tukiihitaji sana, maana baridi ya mwezi ule ilitosha.

Aliyenifundisha kuishi Dodoma ni bibi mmoja jirani, Mgogo wa upande wa Mvumi. Mwanzoni nilimpita na "shikamoo" ya haraka haraka. Siku nilipojifunza kumsalimu "Mbukwa" alicheka mpaka akashika mgongo, na tangu siku hiyo mlango wake ukawa wangu. Alinionyesha mlenda mkavu uliosagwa, unaouzwa soko la Majengo kwa kipimo, na jinsi ya kuupika kwa karanga. Hakuna nazi hapo wala nyama, na watoto waliokunja pua siku ya kwanza walilamba bakuli siku ya nne. Alinifundisha kununua mahindi ya mwaka wakati wa mavuno, siyo Januari kila mtu anaponunua, na mafuta ya alizeti pale pale yanapokamuliwa, kwa chupa yako mwenyewe. Kuhusu perege wa Mtera alisema ni wazuri siku wakiwa wapya, na siku nyingine nisidanganyike. Zabibu zinapoiva, Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba, ndoo nzima hupatikana kwa bei ambayo Dar ungepewa kishada.

Bibi huyo alikuwa na mashamba ya mtama upande ambao sasa ni viwanja. Sitaki kuusemea moyo wake. Alisema tu kwamba siku hizi akitaka kulima inambidi apande gari.

Biashara nilianza tena mwishoni mwa mwaka ule. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na kila ulipogeuka palikuwa na msingi unachimbwa. Penye ujenzi pana mafundi, na fundi hawezi kubeba zege na tumbo tupu. Nilianza na chapati ishirini na chupa mbili za chai, nikazunguka kwa miguu. Wiki ya kwanza nilirudi na chapati tisa. Niliongeza uji wa mtama, na uji ndio ulioniokoa, kwa kuwa mafundi wengi walikuwa wa huku huku na chapati za mtu wa pwani hawakuwa na haja nazo sana. Safari hii niliandika. Baba watoto alinipigia mistari kwenye daftari, na kila Jumamosi jioni tunalifungua pamoja.

Sikusema kwamba mambo yalinyooka. Mji wa Serikali wa Mtumba ulipozinduliwa Aprili 2019, ofisi ya mume wangu ikahamia huko, takriban kilomita 17 mashariki ya jiji, na sisi tuko magharibi. Nauli ikawa ya magari mawili kwenda na mawili kurudi. Tulikwisha kulipa kodi ya miezi sita siku kumi kabla.

Hivi sasa tuna vyumba vyetu viwili upande wa Ihumwa, navyo havina dari, kama kwamba ni desturi ya ukoo. Kima cha chini cha mshahara wa Serikali kilipanda hadi Sh. 370,000/= mwaka 2022, na hadi Sh. 500,000/= kuanzia Julai 2025, na sisi tulio juu kidogo yake tulipata chetu. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dodoma, Julai 2024, naweza kwenda kumwona mama yangu Dar asubuhi na kumkuta bado hajala chakula cha mchana. Huja huku pia. Mara ya kwanza aliuliza bahari iko wapi, watoto wakamwonyesha vumbi.

Mwezi uliopita mama mmoja wa jumuiya yetu alinipa simu niongee na mdogo wake, aliyeko Dar, ambaye mumewe amepata uhamisho. Aliniuliza kuhusu shule, na kama vyombo vya udongo vinafika salama. Nikamwambia aje na mablanketi na tangi la maji, na asilipe kodi ya mwaka kabla hajauliza majirani maji hutoka siku zipi mwezi wa Oktoba. Kisha nikamuuliza yeye anafanya kazi gani.

"Mimi? Niko nyumbani tu, dada," akasema. "Nashona nguo za watoto kidogo kidogo."

Nikamwambia achukue kalamu.