Rukhsa ya Msafiri Mdogo

 

Wasomaji wetu, hasa akina mama, mtatuwia radhi leo tukiyaacha mas'ala ya vitabuni na kuzungumza juu ya uji wa mtoto. Uji huo ulitufunza aya ambayo tumeisomesha miaka mingi katika darsa zetu, wala hatukuwa tumeifahamu mpaka mjukuu wetu alipougua ugenini.

Likizo ya Agosti tulikwenda Oman kuwazuru jamaa zetu wa Maskati. Tulifuatana na mama wa watoto wetu, binti yetu na mumewe, na mtoto wao wa miezi minane. Mtoto alikuwa ameanza kula tangu alipotimiza miezi sita, na huku akiendelea kunyonya. Binti yetu alichukua unga wa wimbi kutoka Mombasa, kijiko chake na kibakuli chake, akisema kwamba mahali pakiwa pageni, chakula angalau kiwe kile akijuacho mtoto. Tulicheka. Tulimwambia kwamba watoto wa Oman nao wanakula.

Baada ya siku nne jamaa walitushauri twende Salala, ambako miezi hiyo kuna manyunyu na ubaridi, hali Maskati inawaka moto. Ni safari ya barabara ya kiasi cha kilomita elfu moja, na sehemu kubwa ni jangwa tupu. Alfajiri binti yetu alipika uji, akamlisha mtoto, na uliobaki akautia katika chupa ya chai.

Adhuhuri tulisimama katika msikiti ulio kando ya kituo cha mafuta. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa jam'u na kasri, tukamshukuru Mola aliyemsahilishia msafiri. Tuliporudi garini tulimkuta binti yetu yuataka kuumwaga ule uji. Alisema umekaa saa nyingi, hauna tena moto wa kuua vijidudu, una uvuguvugu tu wa kuvikuza. Afadhali amnyonyeshe mtoto kisha amponde ndizi. Nasi tukatoa hotuba. Tulimkumbusha kwamba chakula ni neema na israfu ni haramu. Aliinamisha kichwa, akamlisha.

Usiku ule, Salala, mtoto alianza kutapika, kisha kuharisha. Kufikia alfajiri macho yalikuwa yameingia ndani, na alilia bila ya machozi. Mwenyeji wetu, kwa wema wake, alileta asali safi ya milimani. Tulikichukua kijiko kwa mkono wetu wenyewe, kwani Qur'ani imetaja kwamba ndani ya asali mna ponyo kwa watu. Binti yetu alimkumbatia mwanawe, akageuka upande.

"Baba, niwie radhi," alisema. "Kwa uji nilinyamaza. Kwa asali siwezi kunyamaza. Hajatimiza mwaka."

Tangu azaliwe hajapata kutukataza jambo mbele ya watu. Tulikiweka kijiko chini. Hatukukiweka kwa hekima, tulikiweka kwa mshangao. Mumewe alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

Hospitalini daktari aliubonyeza utosi wa mtoto kwa kidole, akaivuta ngozi ya tumbo, akaagiza maji ya ORS. Mama alimnywesha kijiko baada ya kijiko, kidogo kidogo, na akaambiwa asimwachishe ziwa hata kidogo, bali azidishe. Tulimuuliza daktari juu ya asali. Alijibu kwamba huenda ikawa na mbegu za kijidudu ambacho sumu yake hulegeza misuli mpaka pumzi ikashindwa. Mtu mzima hazimdhuru, lakini utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja haujaweza kuzizuia. Basi tukakumbuka kwamba tende nayo ina baraka, na bado hatumsukumizii sahani nzima mwenye maradhi ya sukari.

Tulikaa kwenye benchi mpaka jua likapanda, tukiirejea aya ya 233 ya Suratul Baqara. Humo Mola ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, kisha akaruhusu kumwachisha mtoto kabla ya hapo, kwa sharti kwamba wazazi wawili waridhiane na kushauriana. Jambo dogo kama ziwa na kijiko limewekewa shura! Na walioambiwa washauriane ni mama na baba. Babu hakutajwa katika shauri hilo, hata akiwa sheikh. Sisi tuliingia pasipo mlango wetu, na adabu ya binti yetu tukaifanya kuwa hoja ya kushinda.

Jambo la pili lilitutia haya zaidi. Safarini sisi wazima tulipunguza swala kwa rukhsa ya Mola, lakini mtoto tulimdai chakula chake kwa ukamilifu, kana kwamba yu nyumbani kwao. Rukhsa ya msafiri mdogo ni ziwa la mamake: halichachi, halihitaji kuchemshwa, na humfuata popote aendako. Akikataa uji siku mbili ugenini, anyonyeshwe, wala asilazimishwe.

Kwa wanaojiandaa kusafiri, tunayausia tuliyoyalipia. Chakula cha mtoto kipikwe kidogo, kiliwe kingali kipya, na kinachobaki kiliwe na wakubwa mara moja au kimwagwe. Kumwaga kwa kuilinda nafsi si israfu. Matunda yawe ya kumenywa pale pale, kama ndizi na parachichi. Maji yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa. Paketi za ORS zitiwe mkobani kabla ya nguo. Wageni wema watakaomtilia mtoto halua mdomoni, baba wa mtoto ndiye awazuie kwa upole, asimwachie mkewe peke yake lawama.

Siku ya tatu mtoto alichangamka. Kando ya barabara za Salala huuzwa ndizi, mapapai na madafu, ukadhani u Kilifi. Tulinunua kichane cha ndizi, tukamkabidhi binti yetu, tukamuuliza, "Mama, yuafaa apewe sasa?" Alitutazama kidogo, kisha akaimenya.

Ewe Mola, tukuzie watoto wetu katika afya na imani, na utupe sisi wazee masikio kama ulivyotupa ndimi. Amin.