Nimeuza bango la mjomba kwa elfu thelathini!

Ndugu msomaji, wiki hii sina kisa cha mapenzi. Nina kisa cha ujinga wangu mwenyewe.

Kuna wanaokusanya stempu, kuna wanaokusanya jezi. Mimi nakusanya mabango ya zamani ya tamthiliya kutoka Poland. Usicheke! Yote yalianza kwa mjomba wangu, aliyekwenda kusoma uinjinia huko miaka ya 70. Kwanza aliwekwa mji wa Łódź, kwenye kituo kilichoanza mwaka 1952 kufundisha wageni Kipolandi. Aliporudi alikuja na mabango manane, yamezungushwa kama mkeka.

Utotoni nilikuwa nayaogopa. Tumezoea bango lenye sura ya staa na jina lake kubwa. Kwenye haya hakuna staa. Unakuta fuvu limevaa manyoya, au jicho peke yake linakukodolea. Wachoraji wa kule walichora maana ya mchezo, siyo sura za waigizaji. Mkubwa wao, Henryk Tomaszewski, alifundisha Chuo cha Sanaa cha Warsaw, na mwaka 1968 pale Wilanów, Warsaw, yakafunguliwa makumbusho ya mabango ya kwanza duniani.

Basi bwana, mwaka juzi mjomba akanikabidhi mzigo wote. "Yatunze," akasema, hakuongeza neno.

Siku moja nikapeleka moja kwa fundi wa fremu. Lilikuwa na sahihi ya Franciszek Starowieyski, na pembeni tarehe: 1673. Fundi akaangua kicheko. "Karatasi hii ina miaka mia tatu? Dogo, hili kanyaboya!" Wateja wote wakacheka. Niliona aibu, msomaji, we acha tu. Na kodi ya chumba ilikuwa inanikaba. Jamaa mmoja pale akatoa elfu thelathini, nikapokea, nikasepa.

Miezi miwili baadaye nikaenda kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Lile la fuvu umelitundika wapi?"

Nikamweleza kwamba lilikuwa feki, tarehe yake ya uongo. Mjomba akanitazama muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba Starowieyski ndiyo ilikuwa zake: alipunguza miaka 300 kwenye tarehe za kazi zake, kwa makusudi. 1673 maana yake 1973. Yaani kile nilichodhani ni kasoro ndiyo ilikuwa alama yake!

"Baridi ilikuwa kali," mjomba akaendelea. "Niliingia ukumbini nipate joto tu, Kipolandi sijui. Mchezo sikuelewa neno. Nilipotoka nikalitazama lile bango, nikaelewa wamesema nini. Nikamwomba mlinzi wa mlango, akanipa bure."

Halafu akauliza, "Umeuza bei gani?"

"Elfu thelathini, mjomba."

Hakunigombeza. Alinimiminia chai, akabadilisha maongezi. Afadhali angenitukana.

Sasa nimebaki na saba. Fundi nimemfuata mara nne, anasema yule jamaa hamjui. Vijana wenzangu, kabla hujauza kitu cha mzee, muulize mzee. Aibu ya kuuliza haizidi dakika tano. Yangu mimi bado inaendelea.

Na wewe uliye na bango la fuvu lenye tarehe 1673, usilitupe. Nitakurudishia pesa yako, na nyongeza juu.