Mizani ya Pamba

Kazi ya kufundisha watu wazima niliianza kwa shilingi 30 kwa mwezi. Hiyo ndiyo iliyokuwa posho ya mwalimu wa kujitolea, na kuna miezi haikufika kabisa. Nilikuwa na miaka 19 na cheti cha darasa la saba. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwenye mkutano wa kijiji chetu huko Kwimba mwenyekiti akaninyooshea kidole: "Wewe kijana unayejua kusoma, utafundisha." Sikuulizwa.

Tulikaa chini ya mwembe, alasiri, watu wakitoka shamba. Ubao tuliupaka mkaa uliotwangwa na majani ya mhogo. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake wa rika la mama yangu, kwa hiyo neno "umekosea" halikunitoka kinywani. Nilisema, "Mama, hebu tuitazame tena hii." Naye hujibu, "Haya, mwanangu mwalimu." Watoto wakipita walituzomea: "Ngumbaro! Ngumbaro!"

Kitabu chetu kilihusu kilimo cha pamba. Kilitokana na mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza Kanda ya Ziwa mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO. Wavuvi walikuwa na chao, wa migomba chao. Mawazo mazuri, lakini mama mmoja alikifunga siku ya pili. "Nifundishe namba za mizani kwanza," akasema. "Jina langu nalijua tangu nizaliwe."

Nikachora mizani ubaoni, duara na mshale wake. Wiki nne tulisoma mshale tu. Msimu wa kuuza pamba ulipofika, karani alitamka 38. Mama akainama, akatazama, akasema kwa adabu, "41, baba. Mshale uko kwenye 41." Karani akapima upya. Wiki iliyofuata darasani walikuja hata wanaume.

Nilipanda ngazi upesi: mratibu wa kata, kisha masomo ya stashahada Dar es Salaam, kisha ofisi ya wilaya Ngudu. Kwenye kibebeo cha baiskeli nilifunga mabunda ya gazeti la vijijini, *Elimu Haina Mwisho*, lililoanza kuchapishwa Mwanza mwaka 1974. Watu walilitumia kuviringishia tumbaku. Niliudhika, mpaka nilipomwona mvutaji mmoja akimaliza kwanza habari ya minyoo, ndipo akachana. Miaka ya themanini karatasi ikaadimika, mafuta ya taa yakaadimika, madarasa yakazimika moja baada ya jingine. Mpango wa elimu ya watu wazima wa MUKEJA ulipoanza baadaye, vikundi vilichagua wenyewe cha kujifunza, na mimi nilimkumbuka mama wa mizani. Nilistaafu 2011.

Lakini kuna jambo sikuliandika katika ripoti yoyote. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa wa kisomo, nami nilikuwa msahihishaji. Kila kijiji kilitaka kushinda jirani yake. Mzee mmoja aliletwa mbele yangu, akausoma ukurasa wote kwa sauti ya kupendeza. Alipomaliza, kidole chake kilikuwa bado mstari wa tatu. Nilimpitisha. Tulitangaziwa kwamba wasiojua kusoma wameshuka hadi asilimia 39, na mwaka 1986 hadi 9.6. Kila mara nilipiga makofi na wenzangu, nikimwona yule mzee na kidole chake.

Mwaka 1979 nilimfuata kwake. Nikamwomba tuanze upya, mimi na yeye tu, jioni, pasipo mtu kujua. Alicheka hadi akakohoa.

"Mwalimu, serikali imeshasema najua kusoma. Wewe ni nani wa kuipinga?"

Kisha akaingia ndani, akarudi na bahasha ya mwanawe aliyekuwa Geita. Ilikuwa haijafunguliwa, na pembe zake zilikuwa zimeanza kuliwa na mende. Akanisogezea kigoda.

"Isome polepole," akasema.