Malkia Ndani ya Sanduku la Bati

Ngara ya mwaka 1996 watu wengi wanaikumbuka kwa kambi za wakimbizi, na hawakosei. Kambi ya Benaco ilikuwa jirani yetu, malori ya mashirika ya misaada yalipita usiku na mchana, na vilima tulivyovijua vikiwa na miti vilibaki vipara kwa ajili ya kuni. Lakini vuli ilikuja kama kawaida, na kumbikumbi wakatoka, na sisi watoto tukawa na kazi yetu.

Kumbikumbi wa mchana tuliwategea kwenye kichuguu. Unainamisha fito, unafunika kwa majani ya migomba na blanketi kuukuu, unachimba shimo kwenye upande ulioachwa na mwanga, kisha mmoja anakaa kupigapiga vijiti chini ili walioko ndani wadhani mvua imeanza. Wa usiku hawakuhitaji ujanja wote huo. Duka la jirani lilikuwa na karabai. Ukiweka beseni la maji chini yake, wanajaa wenyewe. Senene tuliwaachia watu wa Bukoba na majigambo yao.

Usiku mmoja wa Novemba, kwenye ukingo wa beseni, alikuwapo mdudu ambaye hakuwa kumbikumbi. Kumbikumbi hana kiuno, mwili wake umenyooka tangu kichwani hadi mkiani. Huyu alikuwa na kiuno chembamba, mgongo mnene uliotuna, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Nilimwangalia akilitandaza bawa moja upande, akalikandamiza kwa mguu wa kati, akajipinda, likang'oka pale pale kwenye shina. Akaenda la pili. Alipomaliza yote manne alianza kutembea ukutani akitafuta ufa, wala hakugeuka kuyatazama.

Baba mdogo alikuwa mganga msaidizi kwenye zahanati, mtu wa kusoma kila karatasi iliyompitia mkononi. Nilimpelekea mdudu wangu ndani ya kiberiti.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Nani kakuuma?"

Hakuna aliyeniuma. Akafungua kiberiti kidogo, akachungulia, akacheka. Akaniambia huyo ni malkia wa wale chungu wanaotoka usiku kwenye vyombo, na kwamba dume lake limeshakufa au linakufa saa hiyo hiyo. Kwa kumbikumbi mambo ni tofauti: dume na jike huingia ardhini pamoja na hukaa pamoja miaka yote. Malkia wa chungu hupandwa katika kuruka kule kwa mara moja tu, akahifadhi mbegu tumboni, na mbegu hizo humtosha maisha yake yote. Nilikuja kusoma baadaye kwamba huko Ulaya malkia mmoja wa chungu weusi wa bustanini aliishi chini ya uangalizi karibu miaka 29. Nyumbani kwetu hakuna ng'ombe aliyefika huko.

Baba mdogo ndiye aliyetengeneza nyumba. Alichukua kichupa cha sindano ya penisilini, akakichemsha, akatia maji robo, kisha akasukuma pamba kwa kijiti mpaka ikayagusa maji na kulowa bila kuyaachia yapite. Malkia akaingizwa juu ya pamba. Kifuniko cha mpira kilikuwa tayari na matundu ya sindano, hewa ikawa si tatizo. "Giza, utulivu, na asilishwe," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa masharti.

Hilo la tatu lilileta ugomvi. Bibi yangu hakuwahi kumlaza mgeni na njaa, na alikuwa ameona watu wenye njaa wengi mno kwa miaka miwili ile. Kila nilipogeuka alikuwa na chembe ya ugali mkononi.

"Mama, huyu amekuja na akiba yake," baba mdogo akamwambia. "Ile misuli ya kurukia haina kazi tena, mwili unaiyeyusha. Ndiyo chakula chake na cha wanawe wa kwanza. Ukimtilia ugali utaota ukungu, utamuua."

Bibi akaiweka ile chembe mdomoni mwake mwenyewe. "Basi huyo ni mama kweli," akasema, na tangu siku hiyo akawa ananiuliza habari zake kama anavyouliza za mjamzito wa kijijini.

Na habari hazikuwa nyingi. Kulea malkia wa chungu ni kujizuia. Ukimfunua kila saa, ukimmulika, ukimtikisa, anaingiwa na hofu na anayala mayai yake. Kwa mtoto wa umri wangu hiyo ilikuwa adhabu. Nilikivika kichupa soksi nyeusi, nikakiweka nyuma ya mtungi, na nilipochungulia niliona mayai machache meupe yameshikamana, naye akiyalamba moja moja. Kulamba huko ndiko kunakozuia ukungu. Mbuzi nilimzoea, kuku nilimzoea, lakini kiumbe ambaye namtunza kwa kutomfanyia kitu alinishinda akili.

Mwaka 2025 niliposoma habari za kesi moja ya Kenya nilikikumbuka kichupa kile mara moja. Vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni kaunti ya Nakuru wakiwa na chungu wapatao 5,000, wengi wao malkia, ndani ya mirija 2,244 iliyotiwa pamba. Chungu hao walikuwa wale wakubwa wekundu wavunaji wa mbegu, ambao Ulaya malkia mmoja aliweza kuuzwa wakati huo kwa fedha ya kununua mbuzi na chenji ikabaki. Mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, au mwaka mmoja jela. Sikuwaonea huruma. Kila malkia anayechukuliwa ni kundi zima ambalo halitazaliwa, na mbegu ambazo hakuna atakayezitawanya. Ila ule utaalamu wa maji na pamba niliutambua.

Desemba ile ya 1996 serikali ilitaka wakimbizi wa Rwanda wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na barabara ya kwenda mpakani Rusumo ikajaa watu na mizigo vichwani. Mwezi uliofuata na mimi nikaondoka, kwa njia ya upande mwingine: Lusahunga, kisha Biharamulo, kuanza kidato cha kwanza bwenini. Sanduku la bati lilifungwa juu ya lori. Malkia nilimtia mfuko wa shati, ndani ya soksi, na kwenye kila shimo niliushika mfuko kwa kiganja. Tulipofika baadhi ya mayai hayakuwapo. Lakini vilikuwapo vifuko vitatu vinne vya rangi ya maziwa yaliyoungua, kila kimoja kama punje ya mchele, na hivyo hakuvigusa.

Sanduku la bati chini ya kitanda lina giza zuri kuliko nyuma ya mtungi. Shida ilikuwa upekuzi. Patroni wetu alikuwa mzee mrefu aliyepekua kila Jumamosi akitafuta sigara na visu, na alipokunjua soksi yangu akakuta kichupa cha sindano, bweni lote lilinyamaza.

"Wewe kijana, hii dawa ya nini?"

"Si dawa, mzee. Ni malkia."

Akakipeleka dirishani. Nilitaka kumwambia asikipeleke kwenye mwanga, nikakosa ujasiri. Alikaa nacho muda mrefu, akikigeuza taratibu, na nilipomsogelea niliona alichokuwa anakitazama: kifuko kimoja kimepasuka, malkia anakivuta kwa taya, na kichwa kidogo, chekundu bado, kinajitokeza. Watoto wa kwanza wa chungu huwa wadogo kuliko watakaowafuata, maana wamelelewa kwa akiba ya mtu mmoja. Huyu alikuwa mdogo hivi kwamba alipita kati ya miguu ya mama yake bila kuinama.

Patroni akanirudishia. Jumamosi iliyofuata hakupekua sanduku langu. Alileta asali ya porini kwenye kifuniko cha chupa, na Biharamulo asali haikuwa shida. Nilichovya ncha ya njiti. Mtoto akanywa hadi tumbo likang'aa, akamwendea malkia, wakakutanisha midomo. Ndicho chakula cha kwanza alichopewa malkia tangu usiku wa karabai.

Kufikia likizo ya Juni kichupa kilikuwa hakitoshi, nikawahamishia kwenye kipande cha mwanzi mkavu, nikarudi nao Ngara. Bibi akanionyesha pa kuuweka, kwenye ufa wa ukuta wa jiko, upande usioingia moshi. Mwaka wa pili wa malkia wanawe wakawa wengi, wakatoka kila usiku kwa mstari hadi kabatini, na bibi akawa anaweka kopo la sukari katikati ya beseni la maji, akinilalamikia kwa kila mgeni aliyekuja kunywa chai.