Kichochoro cha Ndege wa Atilasi

Nilipanda ndege mbili ili nikamwone ndege mmoja. Watu wa kwetu Tanga walicheka waliposikia, na mke wangu aliniuliza mara mbili kama kweli hakuna jambo jingine linalonipeleka Australia. Lilikuwapo. Mpwa wangu ni muuguzi Brisbane, na ilikuwa miaka ananiita. Lakini kilichonitoa nyumbani ni picha aliyonitumia kwenye simu: vijiti vimesimamishwa safu mbili kama kuta za uchochoro, na mbele yake vimetapakaa vifuniko vya chupa, mirija na vibanio vya nguo, karibu vyote vya buluu. Chini aliandika: "Shikamoo mjomba. Usidhani ni mchezo wa mtoto, hii ni kazi ya ndege."

Ya angani siyasimulii, kila aliyesafiri anayajua. Niseme tu kwamba nilichelewa kutoka uwanjani kwa sababu ya achari. Australia kila chakula, kila mbegu na kila kitu cha mbao sharti ukitaje, nami nilitaja. Kijana wa ukaguzi akafungua chupa ya achari ya embe, akainusa, akanirudishia. Ukwaju wenye kokwa akaubakiza. Sikukasirika. Nchi inayoiogopea misitu yake kokwa ya ukwaju, nikasema moyoni, huenda ina msitu wa kuogopewa.

Siku ya tatu tukaondoka na gari kuelekea kusini, kwenye hifadhi ya taifa ya Lamington, karibu na mpaka wa Queensland na New South Wales. Hifadhi hiyo ilitengwa mwaka 1915. Ukishapita mji mdogo wa Canungra, barabara inaanza kupanda na kujikunja, na penye kona nyingine gari moja hulisubiri jingine lipite. Mimi niliyekulia kwenye kona za Mombo na Lushoto nilijiona mjuzi. Nusu ya mlima nikaomba gari lisimame, nikashuka kutapika. Mpwa wangu alinipa maji na hakusema neno, adabu ambayo bado namshukuru.

Juu, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, nilishuka nikavuta pumzi, na harufu ilikuwa ya msitu wetu wa Amani kabisa: majani yaliyooza, ukungu, gome lililolowa. Ilikuwa Novemba, ambayo kwao ni mwisho wa majira ya kuchipua, na baridi ya alfajiri ilinifanya nijitande kikoi juu ya koti.

Asubuhi ya kwanza ndege akatua mezani petu uani. Alikuwa wa ukubwa wa njiwa hivi, mgongo wa kijani cha mzeituni, mabawa yenye ukahawia, na kifua chenye alama kama magamba ya samaki. Macho yake yalikuwa ya buluu.

"Huyo ndiye, mjomba."

"Mbona wa kijani? Wewe uliniambia mweusi."

Kumbe jike na dume kijana huvaa vazi moja. Dume hukaa miaka kadhaa katika kijani hicho, na mpaka apate vazi kamili la utu uzima hufikisha kama miaka saba. Wakati wote huo ni mwanafunzi: hujenga vibanda vya majaribio vilivyopinda, huzungukia vibanda vya wakubwa na kutazama wanavyocheza. Miaka saba ya uanagenzi. Nawajua mafundi seremala waliopewa msumeno baada ya miezi mitatu.

Kichochoro chenyewe tulionyeshwa kesho yake, pembeni mwa msitu, chini ya majani, hatua chache tu kutoka njia ya watu. Ndege huyu hapendi kiini cha msitu mnene peke yake. Hupenda ukingo, pale msitu wa mvua unapokutana na mikaratusi au uwanda wa majani, na makazi yake yanafuata upande wa mashariki wa Australia, toka Queensland hadi Victoria. Nilichuchumaa mbali kidogo nikakitazama. Vijiti vyembamba vimechomekwa kwenye mkeka wa vijiti vingine, kuta mbili zenye kimo cha shubiri moja na nusu hivi, zimepinda kwa juu hata ncha zinataka kugusana. Katikati pana nafasi ya mwili wa ndege mmoja. Mbele pamefagiliwa pakawekwa mapambo: manyoya ya buluu ya kasuku, maua, vifuniko vya plastiki, na kati yake majani makavu na maua ya njano. Kwa mtu wa pwani jina halitafutwi. Ni kichochoro, na mwisho wake baraza.

Simu yangu ina dira ya kibla. Niliifungua kwa jambo jingine kabisa, nikaona kuta zile zimelala kaskazini na kusini. Mpwa wangu akasema karibu zote huwa hivyo. Huku kusini mwa dunia jua la mchana hukaa upande wa kaskazini, na mwanga ni sehemu ya pambo. Kwetu Tanga kibla ni kaskazini, pale Lamington ni magharibi. Kwa hiyo mimi nilisali nikiwa nimegeuka huku, na kichochoro cha ndege kimeelekea kule misikiti ya kwetu inakoelekea.

Kisha akaja mwenyewe. Kivulini ni mweusi tu, wala huoni ajabu. Alipoingia kwenye mwale wa jua, mwili mzima ukageuka buluu yenye zambarau, iking'aa kama kitambaa cha atilasi, na Waingereza kweli walimpa jina la kitambaa hicho. Jicho lake ni la urujuani. Hakutujali. Alichomoa kijiti, akakipima, akakirudisha palepale. Alitafuna kitu mdomoni kisha akaupitisha mdomo ukutani, kijiti baada ya kijiti: ile ni rangi, mchanganyiko wa mimea iliyotafunwa na mate, na jike akija huionja. Ua jekundu lilikuwa limedondoka barazani kutoka mtini. Akalishika kwa ncha ya mdomo kama anayeokota uchafu, akalitupa nje. Wekundu hautaki kabisa.

Buluu ni adimu msituni, ndiyo maana ina thamani, na penye thamani wizi haukosi. Mwenye kibanda akiondoka, jirani huja kuiba manyoya, na akipata nafasi huzibomoa kuta zenyewe. Siku hizi buluu nyingi inatoka kwenye mapipa yetu ya taka. Sikufurahia jambo hilo kama nilivyofurahia picha. Vile vifuniko vya chupa vina pete ya plastiki, na pete imewahi kumnasa ndege shingoni au mdomoni. Watu wa maeneo yale wanahimizana kuikata kabla ya kuitupa.

Jike alitokea saa tatu kasoro. Aliingia kichochoroni akasimama kimya. Dume akaokota unyoya wa buluu, akajitutumua, akapiga mabawa, akakimbia huku na huko mbele ya mlango huku akitoa mngurumo kama wa mashine mbovu, halafu ghafla akacheka. Ndiyo, alicheka: aliiga sauti ya yule mdiria mkubwa wa Australia anayelia kama mtu anayecheka. Jike akashtuka, akarudi nyuma. Dume akapunguza. Hapo nilikumbuka jaribio la mtafiti Gail Patricelli, lililochapishwa mwaka 2002: alitengeneza jike bandia mwenye mota ndani, akamweka kichochoroni na kumfanya ainame au ashtuke. Madume waliopunguza vishindo walipoona jike ameshtuka ndio waliopata wachumba wengi zaidi. Wetu alipunguza, lakini labda alichelewa. Jike aliruka akaenda zake, na yeye akabaki na unyoya mdomoni.

Nilimhurumia kwa dakika moja. Halafu nikauliza watoto watalelewa wapi, maana kichochoro kile hakina paa wala pa kuweka yai. Nikajibiwa kwamba si kiota. Hakijawahi kuwa kiota. Ni baraza ya kuposea tu, na dume akishapanda kazi yake imekwisha. Atamngoja jike mwingine palepale. Hapo nilimkumbuka mnana wa kwetu, yule wa manjano anayening'iniza viota kwenye minazi. Naye ni fundi, naye hukaguliwa na jike na kukataliwa, lakini anachokisuka angalau ni nyumba. Kwa ufundi nampa heshima ndege wa atilasi. Kwa ubaba nampa mnana.

Siku mbili zilizobaki nilikitafuta kiota cha kweli na sikukiona. Jike hukijenga peke yake juu mtini, sahani ya vijiti iliyotandikwa majani, isiyo na hata chembe ya buluu. Hutaga mara nyingi mayai mawili, na huyaatamia peke yake kwa siku 21 hivi.