Bunduki Haitumwi Kama Mzigo wa Kisumu

Haya wasee, leo sina skiti wala dansi. Nina stori moja ambayo nimekaa nayo karibu miaka miwili, na kila nikijaribu kuirekodi naona dakika moja haitoshi. Kwa hivyo nimeiandika. Isome polepole, chai ikiwa karibu.

Mnajua niliacha kampasi mwaka wa pili. Si ati nilikuwa mjanja kuliko walimu, hapana. Karo ilikuwa inapanda na mathe alikuwa ameshauza kila kitu cha kuuzwa. Nikaingia ile kazi ya mtandaoni ambayo vijana wengi wa Nairobi wamepitia: kujibu wateja wa Marekani kwa chati, usiku, kutoka keja ya chumba kimoja Kahawa West. Saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja asubuhi. Hata jina unapewa. Mimi nilikuwa Kevin.

Tovuti tuliyohudumia ilikuwa ya matangazo ya vitu vya uwindaji na kambi. Mahema, buti, darubini. Na bunduki. Mtu wa kawaida anapiga picha bunduki yake, anaweka bei, mtu mwingine wa kawaida anamwandikia.

Kabla sijaendelea, mjue kitu kimoja kunihusu. Nikiwa kidato cha tatu, majamaa watatu waliokuwa wamepanda kama abiria waliteka matatu yetu pale Outering. Mmoja aliniwekea bastola nyuma ya sikio akaniambia niangalie sakafu. Walichukua simu na shilingi 340 za mathe za unga na mafuta. Nilipofika nyumbani mathe hakuuliza pesa. Alinishika kichwa akakigeuza huku na huku, kama mtu anakagua tikiti maji sokoni. Tangu siku hiyo, kwangu bunduki ilikuwa kitu kimoja tu: ubaridi nyuma ya sikio.

Sasa fikiria mimi huyo, usiku wa kwanza kazini, naona bunduki imelazwa kwenye meza ya jikoni kando ya bakuli la matunda. "Haijatumika sana. Bei inazungumzika." Kama vile sisi huuza kochi tukihama. Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Mafunzo yalikuwa kurasa mbili. Nilikuwa naogopa kujibu vibaya, kwa hivyo muda wa mapumziko nikaanza kusoma sheria zao mwenyewe. Dropauti anasoma sheria ya Marekani saa nane za usiku kwa bando ya shilingi 50. Maisha.

Nilichojifunza ni hiki. Huku kwetu tunadhani Marekani bunduki inatumwa tu kama kiatu. La. Kwa sheria ya serikali kuu, mtu asiye na leseni ya biashara hawezi kumuuzia na kumtumia bunduki mtu mwingine asiye na leseni anayeishi jimbo lingine. Lazima ipite kwa muuzaji mwenye leseni. Wewe unaituma kwa huyo muuzaji, anaiandika kwenye daftari lake, mnunuzi anakuja na kitambulisho, anajaza fomu inayoitwa 4473, jina lake linapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi ulioanza kazi Novemba 1998. Akiwa safi, anapewa. Kama aliwahi kufungwa kwa kosa kubwa, au mahakama imemwekea amri ya kukaa mbali na mke aliyemtisha, haipati.

Kuna mambo mengine yalinishangaza. Unaweza kujitumia bunduki yako wewe mwenyewe ukienda kuwinda jimbo lingine, ila ni wewe tu wa kufungua hicho kifurushi. Ukirithi ya marehemu, sheria inakuruhusu kuipokea kutoka jimbo lingine. Kampuni ya usafirishaji haikubaliwi kukulazimisha ubandike nje ya boksi kwamba ndani kuna bunduki. Mwanzo niliona hiyo ni siri mbaya, halafu nikakumbuka Outering nikaelewa. Mwizi naye anajua kusoma.

Basi, usiku mmoja saa tisa na dakika kumi, kwao Ohio ikiwa saa mbili jioni, akaingia mzee. Nasema mzee kwa sababu aliandika kama guka: sentensi ndefu, salamu kwanza, anauliza hali yangu. Aliniambia anauza bunduki ndefu ya marehemu kaka yake. Hakutaka kuiuza ila bili za hospitali zilikuwa zimebaki. Alikuwa amepata mnunuzi Indiana, dola 650. Na yule mnunuzi alikuwa mkarimu sana: ataongeza dola 100 kama mzee ataituma moja kwa moja nyumbani kwake, bila kupitia dukani. Swali la mzee lilikuwa rahisi. Atumie boksi la aina gani, na aandike nini juu yake?

Tulikuwa na jibu lililoandikwa tayari. Ulibonyeza tu. "Asante kwa kuwasiliana nasi. Hatutoi ushauri wa kisheria. Je, kuna jambo lingine?" Chati moja haikufaa kuzidi dakika sita. Ukizidisha mara kwa mara, bonasi inakatwa, na bonasi ndiyo ilikuwa kodi yangu ya nyumba.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikafikiria dola 100. Kwani mtu analipa dola 100 zaidi akwepe nini? Muuzaji mwenye leseni mara nyingi anatoza makumi ya dola tu kusimamia makabidhiano. Hiyo hesabu haihitaji digrii. Anayelipa zaidi ili asionekane ana sababu ya kutotaka kuonekana.

Nikaacha kile kitufe nikaanza kuandika. Nikamwambia kwa heshima kwamba akifanya hivyo anavunja sheria ya serikali kuu, yeye mwenyewe, si mnunuzi peke yake. Nikamweleza njia ya sawa: amuombe mnunuzi achague muuzaji mwenye leseni karibu na kwake Indiana, bunduki iende huko. Ama aipeleke kwa muuzaji wa hapo kwao Ohio, huyo ndiye aitume.

Mzee akakataa. Akasema kijana anaonekana mtu mzuri, anaandika vizuri, ana watoto. Nikamuuliza kama amewahi kumwona. Hajawahi. Nikamuuliza kama amesikia sauti yake. Hajasikia. Nikamwandikia hivi, na sijui ujasiri ulitoka wapi: "Mzee, mimi niliwahi kuwekewa bastola kichwani na mtu. Hata hiyo bastola, kuna siku mtu fulani aliitoa mkononi mwake akaikabidhi bila kuuliza."

Akanyamaza dakika nne. Kwenye chati dakika nne ni mwaka. Halafu akaandika, "Nitafikiria. Asante, Kevin." Akafunga.

Dakika ishirini na tatu. Asubuhi supavaiza akanipigia. "Kwani wewe ni wakili? Ulilipwa kuwa wakili?" Sikuwa na jibu. Bonasi ikaenda, na mwisho wa mwezi mkataba wangu haukuongezwa. Mathe alipouliza nimefanya nini nikamwambia nilizungumza sana. Akasema hiyo anaamini.

Sasa nije kwa maoni, maana najua kuna mtu atauliza, "Ya Marekani yanatuhusu nini?"

Kwanza, hiyo sheria haikutoka hewani. Machi 1963, Lee Harvey Oswald alipata bunduki kwa posta kutoka duka moja la Chicago. Alikata kuponi kwenye jarida, akatumia jina bandia, akalipa dola 21.45 pamoja na usafirishaji. Novemba 22 mwaka huo Rais Kennedy akauawa nayo. Hiyo ni karibu wiki tatu kabla ya sisi kupata uhuru. Na unajua sheria ya kuzuia mauzo ya aina hiyo ilikuja lini? Oktoba 1968. Miaka karibu mitano, na katikati yake Martin Luther King akawa ameuawa, na Robert Kennedy pia. Kitu kila mtu alikiona 1963 kilisubiri maiti zingine.

Pili, na hapa ndipo hujiuliza kama nilifanya kitu cha maana. Ile sheria niliyomsomea mzee inasimama mpakani mwa jimbo. Mnunuzi angekuwa wa Ohio, mtaa wa pili, sheria ya serikali kuu isingemlazimisha mzee kupita dukani wala kukagua mtu, mradi hajui wala hana sababu ya kuamini kwamba mnunuzi amekatazwa. Majimbo kama California yameziba hilo pengo kwa sheria zao, mengine mengi hayajaziba. Mwaka 2012 huko Wisconsin, mwanamume aliyekatazwa na mahakama kumiliki bunduki alipata bastola kupitia tangazo la mtandaoni, kutoka kwa muuzaji wa jimbo hilohilo. Wakakutana ana kwa ana, pesa taslimu. Siku iliyofuata akaenda kwenye saluni ambapo mke wake alikuwa anafanya kazi, mji wa Brookfield, akaua wanawake watatu, mke wake akiwa mmoja wao, halafu akajiua. Familia ikaishtaki tovuti. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Wisconsin ikasema tovuti inalindwa na sheria, kwa sababu tangazo liliandikwa na mtu mwingine.

Hiyo hukumu niliisoma mara mbili. Kwa sababu mimi ndiye nilikuwa tovuti. Mimi na kile kitufe. "Hatutoi ushauri wa kisheria. Je, kuna jambo lingine?"

Hapa Kenya sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, ni kali. Bila cheti huwezi kumiliki, na huwezi kumuuzia asiye na cheti. Lakini bastola ya Outering haikuwa na cheti na ilinifikia sikioni vizuri tu. Kwa hivyo sitawacheka Wamarekani. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo. Ukituma simu Kisumu kwa basi, yule msee wa ofisi ya mizigo anamuuliza anayeichukua kitambulisho. Tunamlalamikia, foleni ni ndefu, karatasi ni nyingi. Lakini yeye ndiye jicho la mwisho. Yule muuzaji wa Indiana mwenye daftari na fomu ni msee wa mizigo, ila mzigo wenyewe unaua. Mtu akikuambia, "Nitakuongezea doh tusipitie kwa huyo," ujue anakununulia macho yako uyafunge.

Na sisi tunaoishi mtandaoni tuko katikati ya mambo ya watu kila siku. Tunaposti tangazo la mtu hatumjui, tunaunganisha watu kwa inboksi, tunachukua komisheni, halafu kikiharibika tunasema mimi nilikuwa kevin tu. Nimesema hivyo pia. Kuna brandi ya mikopo niliitangaza mwaka jana na sijalala vizuri kuihusu, lakini hiyo ni posti ya siku nyingine.

Mtataka kujua mzee alifanya nini. Usiku uliofuata kabla sijaanza zamu niliitafuta ile bunduki. Tangazo lilikuwa limeondolewa na mwenyewe. Tovuti haikuwa inasema kama imeuzwa ama amebadilisha mawazo. Labda ilipita dukani Indiana. Labda iko kabatini kwake, kando ya koti la kaka yake. Labda aliifunga kwenye boksi akaandika juu yake fimbo za kuvulia samaki.

Kuna usiku naamka saa tisa, mwili bado unadhani una zamu, na huwa namfikiria. Sijui jina lake la kweli na yeye hajui langu. Natumaini bili zililipwa.